Somo la Familia: Kupanda Mboga Pamoja na Mtoto Mdogo

Masomo: Yeremia 28:1-4, Yeremia 29:4-10, Kumbukumbu la Torati 6:6-7

Somo la mwezi huu halitatupeleka mbali. Litatupeleka nyuma ya nyumba, pale tunapomwaga maji ya vyombo.

Siku moja kitinda mimba wetu, msichana wa miaka 4, alimkuta mama yake akichambua maharagi ya mgao. Akauliza: "Mama, lori linayatoa wapi?" Tulicheka. Usiku, tulipolala, hatukucheka tena. Wakubwa wake walizaliwa Fizi, wanakumbuka shamba la muhogo la babu yao na njia ya kwenda mtoni. Huyu alizaliwa hapa Nakivale. Kwake chakula ni kitu kinachoshuka kwenye lori, au kinachonunuliwa sokoni pesa ikiingia kwenye simu. Hakuwahi kuona haragi likitoka ardhini. Na kosa halikuwa lake. Sisi wazazi wake tulikaa miaka 3 katika nyumba hii bila kupanda hata mche mmoja wa lengalenga.

Tuseme ukweli kwa nini. Tulikuwa tunangoja. Tulikuwa tumefanya mahojiano ya kwanza ya kwenda nchi ya tatu, na kila tulipoliangalia jembe tulisema: tumpandie nani? Mavuno yatakuta tumekwisha kwenda. Wengine kati yenu hamngoji ndege, mnangoja amani kule nyumbani, na kupanda hapa kunaonekana kama kukubali kwamba hatutarudi. Tunajua uzito wa neno hilo. Tumelibeba sisi wenyewe.

Watu wa Yuda waliochukuliwa mateka Babeli walikuwa na mawazo hayo hayo. Nabii Hanania alitangaza kwamba mambo yatakwisha katika miaka 2. Habari za namna hiyo tunazifahamu, hapa kwetu hupita karibu kila mwezi kutoka simu hadi simu. Yeremia aliwaandikia mateka jambo jingine: wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, wazae watoto, kwa maana ni miaka 70. Lakini angalieni vizuri, hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Ahadi ya kurudi imo katika barua ile ile. Bustani na ahadi ziliandikwa pamoja.

Jirani yetu mmoja aliondoka na jamaa yake mwaka 2019 kwenda kuishi ng'ambo. Nyuma ya nyumba aliacha mpapai alioupanda mwaka mmoja kabla. Hatujasikia kwamba huko aliko anajuta kwa sababu ya mpapai ule. Matunda yake tumeyala sisi.

Basi tukaamua kupanda, na tulianza vibaya. Binti yetu alichukua konzi ya zile mbaazi za manjano zilizopasuliwa, akazifukia uani, akawa anakwenda kuzichungulia kila asubuhi. Siku 10 zilipita. Tulipofukua tulikuta zimeoza. Tulipaswa kujua: mbegu ina nusu mbili, na kijimche kidogo kimelala ubavuni katikati yake. Mashine ikiisha kuimenya na kuipasua, haioti tena, hata uimwagilie mwaka mzima. Mtoto aliuliza kama zimekufa. Tulimjibu ndiyo, zilikufa kabla hazijafika kwako. Mtoto mdogo huvumilia jibu la kweli kuliko tunavyofikiri.

Mara ya pili tulinunua nusu kikombe cha maharagi ya mbegu kwa mkulima mmoja, mwenyeji wa hapa Isingiro. Kabla ya kuyatia ardhini tulifanya jambo ambalo tunawashauri wote wenye watoto wa miaka 3 hadi 7. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ikate katikati. Weka ndani kitambaa kilicholowa, kisha telezesha maharagi 3 kati ya kitambaa na ukuta wa chupa. Kilowe daima, lakini maji yasijae. Siku ya pili mbegu huvimba. Baada ya siku chache mzizi hutoka, na hata ukiliweka haragi kichwa chini, mzizi hugeuka na kushuka. Karibu na juma moja shina hujikunja na kuliinua haragi lenyewe juu. Binti yetu aliita watoto wa jirani 6 waje kuona. Sisi tuliosoma chuo cha Biblia tulichuchumaa nao pale, na hatukumbuki kama tuliwahi kuliangalia haragi kwa makini namna ile.

Wenye ploti ndogo wasiseme hawana mahali. Gunia moja linatosha. Weka katikati yake kopo la mafuta lililotolewa kitako, ulijaze mawe madogo. Kulizunguka tia udongo uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza, kisha vuta kopo juu kidogo, jaza tena mawe, zungusha udongo, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji hubaki juu na chini kunakauka. Toboa matundu ubavuni, upande miche ya sukuma wiki, na juu usie lengalenga. Lengalenga ndiyo rafiki wa mtoto, kwa sababu haimchoshi kungoja: huchipuka kwa siku chache, na baada ya majuma 3 au 4 huliwa. Mvua hapa hunyesha Machi hadi Mei, tena kuanzia Septemba. Wakati wa jua, maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yanafaa. Yenye sabuni ya unga nyingi mwaga kwingine.

Mpe mtoto kazi ya kweli. Chupa ndogo iliyotobolewa matundu 5 kwenye kifuniko (mzazi ndiye atoboe, kwa msumari wa moto) inatosha mkono wake. Mpe pia mahali pake pa hatua moja, usipaguse. Wetu alikuwa aking'oa haragi lake kila asubuhi aone kama limekua, kisha analirudisha. Tulimkaripia, naye akaacha kwenda bustanini kabisa. Mama yake ndiye aliyepata hekima: alimwachia mche mmoja wa kung'oa, mingine ikawa ya kungoja. Mche ule wa kung'oa ulikufa, wale wengine wakazaa, na hatukuhitaji kumhubiria neno.

Akina baba, msiseme hii ni kazi ya mama. Musa aliagiza kufundisha watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, na hakutofautisha.

Tena si mboga tu. Mkae na mtoto mtazame. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini na kuangusha mabawa, na hakuna mtoto wa Kongo anayehitaji kufundishwa kuwakimbiza. Jongoo akiguswa hujikunja kama kifungo. Mwache mtoto ahesabu miguu mpaka ashindwe, ila asijipanguse macho kabla ya kunawa, maana jongoo hutoa maji yanayowasha. Kinyonga wengi wetu tulifundishwa kumwogopa na kumpiga mawe. Hana sumu, na kazi yake ni kula nzi na panzi.

Vya kuogopa kwa kweli ni vingine. Mbarika, mti ule wa mbono, una mbegu nzuri zenye madoadoa ambazo watoto huzipenda kama shanga. Zikitafunwa zinaweza kuua. Ing'oe ikiwa karibu na nyumba, na mtoto akitafuna mbegu hizo, mkimbizeni kituo cha afya bila kungoja. Chupa ya dawa ya wadudu isitumiwe tena kwa maji kamwe. Samadi mbichi huunguza mizizi na ina vijidudu, mtoto asiishike. Na wote wanawe kwa sabuni watokapo bustanini.

Hatusemi gunia la mboga litachukua nafasi ya mgao. Tangu 2023 tulipogawanywa katika makundi, na 2025 wengi wetu walipoondolewa kabisa, kuna nyumba ambazo lengalenga ni mboga bila ugali. Asiwepo mtu wa kuwaambia hao kwamba wana njaa kwa sababu hawakulima. Kanisa lina wajibu wake kwao, na mashemasi wanapokea majina baada ya ibada.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili: Ni kitu gani ulichoacha kukipanda au kukijenga kwa sababu ulikuwa unangoja kuondoka? Kuna mti gani wa kwenu ambao mtoto wako hajui jina lake? Mzee mmoja katika kila kikundi awaeleze watoto jinsi shamba la baba yake lilivyokuwa, lilipoanzia na lilipoishia.

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza, tutakuwa nyuma ya kanisa saa 3 asubuhi. Mbegu za lengalenga zipo, za bure. Kila mtoto aje na kisoda kimoja cha kupimia, kisoda kinatosha gunia zima. Mzazi aje naye.