Moshi wa Gari Unatuambia Nini?

Vikundi vingi vina pikapu ya kupeleka mboga au maziwa sokoni. Sisi pia tunayo moja, ya dizeli. Kiangazi kimoja ilianza kutoa moshi mweusi kila dereva alipokanyaga mafuta kupanda mlima. Fundi akasema injini lazima ifunguliwe. Tulikuwa tayari kutoa akiba yote ya kikundi, ndipo mama mmoja akauliza, "Kwani mmeangalia chujio la hewa?" Tulipolifungua, lo! vumbi tupu. Tukaweka jipya, moshi ukaisha, na akiba ikabaki.

Tulijifunza hivi: kwanza tazama rangi ya moshi, halafu anza na lililo rahisi. Mmoja akanyage mafuta gari likiwa limesimama mahali wazi, mwingine atazame ekzosi akiwa kando. Msifanye hivyo ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wa gari huua.

MWEUSI: Mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalieni chujio la hewa, kisha nozo. Je, mmezidisha mzigo?

BULUU: Injini inaunguza oili. Moshi ukitoka muda wote wa kukanyaga mafuta, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Ukitoka kidogo tu wakati wa kuwasha, au mkikanyaga baada ya kuteremka mlima, huenda sili za vali zimechoka. Pimeni oili kila asubuhi. Injini ikikauka oili, itakufa kabisa.

MWEUPE: Asubuhi ya baridi huenda ni mvuke tu, na injini ikipata moto unaisha. Lakini ukiendelea huku maji ya radieta yakipungua, au oili ikifanana na chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Zimeni gari, wala msifungue radieta ikiwa moto. Kama maji hayapungui, gari la dizeli huenda lina shida ya nozo au pampu.

Fundi bado tunamhitaji. Lakini tukimwendea tukijua tulichoona, tutaulizana naye vizuri kabla ya kulipa.

Maswali ya kujadili:
1. Chujio la gari letu lilisafishwa au kubadilishwa lini?
2. Ni nani anayepima oili na maji, na anaandika wapi?
3. Tukiambiwa injini ifunguliwe, tutauliza nini kwanza?