Somo: Kumtambua Mzee Asiyetunzwa Ipasavyo Katika Makao

Kamati nyingi za usharika hutembelea makao ya wazee zikiwa na sabuni, sukari na khanga. Ni jambo jema. Lakini ua uliofagiwa siku ya wageni hauelezi mzee ameishije wiki nzima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyaweka makao kuwa hatua ya mwisho. Kwa hiyo, wengi wanaoishi humo hawana ndugu wa kuwaulizia. Mgeni ndiye jicho lao.

Dalili za kuangalia

1. Ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia visiginoni, nyongani na juu ya makalio, kwa kuwa uzito wa mwili huzuia damu kupita. Kabla ya kidonda, sehemu hiyo hubadilika rangi, huwa ngumu au yenye joto.

2. Maji na chakula. Midomo imekauka, nguo zinampwaya, kikombe kipo mbali na mkono wake. Uzeeni kiu hupungua, hivyo asiposogezewa maji huenda asiombe.

3. Usafi. Kucha ndefu, harufu ya mkojo, godoro lililolowa.

4. Tabia. Anaongea vizuri, kisha ananyamaza mhudumu anapoingia.

Tuwe waangalifu: dalili moja si ushahidi, maana hata ugonjwa hukondesha. Tena mhudumu mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuwageuza wazee wote kwa wakati. Hata hivyo, kidonda humuumiza mzee vilevile, kiwe kimetokana na uzembe au uhaba wa watumishi. Wafadhili nao wazingatie hili: godoro zuri husaidia, lakini halimgeuzi mzee. Posho ya mhudumu wa usiku inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko shehena ya magodoro.

Hatua za kuchukua

- Omba ruhusa ya mzee kabla ya kumtazama, na uongee naye faragha. Usimpige picha.
- Andika tarehe na ulichokiona, si ulichokisikia.
- Mweleze msimamizi wa makao. Kidonda kilicho wazi kionwe na mganga siku hiyohiyo.
- Rudi baada ya siku chache. Pasipo mabadiliko, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Maswali ya kujadiliana

1. Mara ya mwisho tulipotembelea makao, tuliongea na wazee wangapi wasiotoka kitandani?
2. Nani katika kamati yetu atarudi bila kubeba zawadi?