Mwanga Unaoachwa: Somo Kutoka Pwani ya Mchanga



Katika falsafa ya uzuri tunakutana na swali hili: je, kitu kikamilifu ni lazima kiwe kimejaa? Tulitafute jibu katika michoro ya Richard Parkes Bonington, Mwingereza wa kipindi cha Romantiki, aliyezaliwa mwaka 1802.

Akiwa kijana alihamia Calais, Ufaransa, pamoja na wazazi wake, akajifunza huko kuchora kwa rangi za maji. Alizichora sana pwani za Normandy na Picardy: maji yamekupwa, mchanga umelowa, wavuvi wanaonekana wadogo, na anga pana imechukua sehemu kubwa ya karatasi. Mwaka 1824 alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Paris.

Tuangalie jinsi rangi hizi zinavyofanya kazi. Rangi ya maji ni nyepesi. Mwanga huipenya, hufika kwenye karatasi nyeupe, kisha hurudi machoni petu. Kwa desturi ya uchoraji huu, penye mng'ao mkali hapapakwi rangi nyeupe, bali panaachwa wazi. Mchoraji akipaka kupita kiasi, mwanga unafifia, na kuurudisha ni kazi ngumu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uzuri unadai mambo matatu: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Kwa haraka tungedhani kwamba karatasi iliyoachwa wazi ina upungufu. Lakini kitu ni kikamilifu kisipopungukiwa na kile kinachokipasa. Si lazima kijazwe kila mahali. Pale palipoachwa ndipo mng'ao unapotokea.

Bonington alifariki London kwa kifua kikuu mwezi Septemba 1828, akiwa na miaka 25. Nasi tuna umri huo huo tunapoandika haya. Tunawakumbuka pia vijana tuliowazika, na mama zao wanaouliza kwa nini Mungu ameiacha kazi yake njiani. Hatuna neno la kukausha machozi yao. Hata hivyo, Kitabu cha Hekima, sura ya 4, kinatufundisha tusiupime uhai wa mwenye haki kwa hesabu ya miaka.

Basi tujiulize: katika sala, masomo na utume wetu, ni wapi tumepaka mno, hata tukaziba mwanga ambao si wetu?