"Sikukusudia": Bastola Iliyofichwa na Dhamana ya Damu

 

Katika darasa letu la baada ya swala ya Alasiri, mwenzetu mmoja alileta swali la kaka yake anayeishi Marekani. Kaka huyo anauza duka la kituo cha mafuta zamu ya usiku, na hubeba bastola chini ya shati. Kibali anacho. Usiku mmoja ilimponyoka ikaanguka sakafuni mbele ya wateja. Haikulia, lakini yeye hakupata usingizi. Akamuuliza mdogo wake anayesoma dini: "Ingelia ikamuua mtu, mimi ningekuwa muuaji?"

Baadhi yetu tulijibu haraka kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, basi hana lawama. Jibu hilo ni nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayohusu damu ya mtu, na ndiyo somo letu la leo.

1. Ruhusa si msamaha

Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake kwa ajili ya kujilinda. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya nchi hiyo hayamdai mtu mzima kibali hata anapoificha mwilini. Lakini sheria hiyohiyo haimwachi anapomdhuru mtu. Juni 2018, mjini Denver, afisa wa FBI aliyekuwa nje ya kazi alipiga sarakasi katika ukumbi wa dansi. Bastola ikamchomoka kiunoni, na alipoinama kuiokota ikafyatuka, risasi ikampata mtu mguuni. Hakukusudia. Hata hivyo alikiri kosa mahakamani na akapewa kifungo cha nje cha miaka 2.

2. Adabu kabla ya ajali

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake za chuma, asije akamjeruhi Muislamu. Tuzingatie: mtu huyo hajavuta upinde, hana ugomvi na yeyote. Hakukatazwa kubeba, ila alifundishwa namna ya kubeba. Abu Daud na Tirmidhi nao wamepokea kwa Jabir (r.a.) katazo la kupokezana upanga ukiwa nje ya ala yake. Na katika Sahihi Muslim imekuja kuwa malaika humlaani anayemwelekezea mwenzake chuma, hata akiwa ndugu yake wa tumbo moja. Mzaha haumo.

Sasa tulinganishe. Mshale sokoni kila mtu anauona, na mwenye hadhari ataukwepa. Bastola iliyofichwa haionwi na yeyote. Aliye ubavuni mwako katika safu ya swala hajui kuwa ipo, wala hawezi kujikinga nayo. Hadhari ambayo watu wangegawana imebaki juu yako peke yako. Kwa hiyo kuificha silaha hakupunguzi wajibu wa aliyeibeba, bali kunauongeza.

3. Hukumu baada ya ajali

Aya ya 92 ya Suratun Nisaa imeweka mambo mawili kwa aliyeua kwa makosa.

La kwanza ni kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi 2 mfululizo. Hii ni haki ya Allah, na hakuna wa kukufungia.

La pili ni dia kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wakisamehe. Asili yake ni ngamia 100, na katika kuua kwa makosa hubebwa na jamaa wa kiume wa upande wa baba, yaani aqila, kwa muda wa miaka 3. Aya hiyo imewataja pia watu wenye mapatano na Waislamu. Basi asidhani mtu kuwa damu ya mteja asiye Muislamu ni rahisi.

Mafakihi wanahesabu pia kuwa ni kuua kwa makosa pale mtu anapolenga windo akampata binadamu. Vivyo hivyo anayemlenga jambazi akampiga mpita njia. Na aliyesababisha kwa uzembe ana dhamana vilevile, kama aliyechimba shimo katika njia ya watu. Mfano wake leo ni anayeiacha bastola yenye risasi ndani ya mkoba unaofikiwa na mtoto.

Msamaha nao ni wa wafiwa, si wa muuaji kujipa. Vitani Uhud, Waislamu walimuua kwa makosa al-Yaman, baba yake Hudhayfa (r.a.), huku mwanawe akiwapigia kelele kuwa yule ni baba yake. Hudhayfa aliwaombea maghfira, na imepokewa kuwa dia yake aliitoa sadaka kwa Waislamu. Hata kwa masahaba wale waliokosea katika vumbi la vita, damu haikuhesabiwa kuwa bure.

4. Jibu kwa kaka yetu

Hangekuwa muuaji wa kukusudia, wala asingestahiki kisasi. Lakini angebaki na kesi mahakamani, dia, na saumu ya miezi 2. Na kama alizembea, ana dhambi ya uzembe anayopaswa kuitubia.

Kwa hiyo ajiulize kwanza kama anaihitaji kweli. Akiihitaji, aiweke katika ala ngumu inayofunika mahali pa kufyatulia, wala asiichomeke kiunoni hivihivi. Asiionyeshe kwa mzaha. Akifika nyumbani aitoe risasi na kuifungia. Ikitokea ajali, amhudumie majeruhi na aeleze ukweli bila kuficha.

Nasi tusio na bastola tuna funguo za gari na pikipiki. Hukumu ya "sikukusudia" ni hiyohiyo barabarani.

Allah atuhifadhi na damu za watu, na azihifadhi damu zetu. Wallahu a'lam.