Kabla hujafunga tela kwenye IST yako

Wadogo zangu, wengi mnauliza jambo moja: mna magari madogo, IST, Vitz, Passo, na sasa mnataka kufunga chuma nyuma mvute tela, ili korosho zifike ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, bila kumsubiri mwenye lori la Canter. Nawaelewa. Msimu ukifunguliwa Oktoba kila mtu anataka gari siku ileile, na gunia lililobaki shambani halina stakabadhi, wala haliingii mnadani. Kwa hiyo sitawaambia muache. Nawaomba mpige hesabu kabla fundi hajashika spana.

Swali la kwanza huwa ni kama gari litavuta. Litavuta, mdogo wangu. Pakia gunia kumi barabara tambarare, IST itaondoka nazo, nawe utaona kazi imekwisha. Ugumu uko kwenye kusimama. Tela dogo la kuchomelewa mtaani halina breki zake. Mzigo wote unasimamishwa na breki za gari, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya watu watano na mabegi yao. Ukiukuta mteremko wa udongo mwekundu mvua imetoka kunyesha, gari litajitahidi kusimama na tela litaendelea kulisukuma kwa nyuma mpaka matako ya gari yageukie mtaroni.

Wenzetu wa Ulaya wana kanuni ninayoipenda kwa sababu inakumbukika: tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu, na hata gari likiwa zito namna gani, lisivuke kilo 750. Kitabu cha gari lako kikitaja uzito mdogo zaidi, fuata kitabu. Kikisema gari hilo lisivute kabisa, basi mjadala umeishia hapo. Haya, IST ina uzito wa karibu tani moja. Nusu yake ni kilo 500. Tela lenyewe la chuma, na ekseli yake na matairi, laweza kula kilo 150 mpaka 200. Zinabaki 300, au 350 tela likiwa jepesi. Gunia la korosho ni kama kilo 80. Basi ni gunia tatu, na nne kwa tela jepesi. Vitz na Passo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo na mzigo wake upungue.

Najua mlikuwa mnawaza kumi. Ndiyo maana nasema hesabu kwanza. Mwenye gunia kumi na tano anafanya safari tano, kwa mafuta yake na kwa klachi au gia boksi yake. Huyo namshauri wazi: ungana na majirani watatu mkodi Canter mara moja, mmalize. Tela la gari dogo linalipa kwa kazi za kidogokidogo za mwaka mzima, kama mifuko ya salfa wakati wa kupulizia mikorosho, ufuta wa shamba dogo, mbaazi, mabati machache, kuni za msibani. Na maji, lakini kwa madumu. Simtanki la lita 500 ni kilo 500 za maji matupu, umeshafika kikomo kabla hujahesabu tela. Tena likiwa nusu, maji yanakimbia huku na huku, na kila kona yanakuvuta upande usioutaka.

Ukishaona hesabu inakubali, nenda kwa fundi, na hapa ndipo nataka uwe mkali. Gari dogo halina chesisi kama ya lori. Bodi yake ndiyo mifupa yake. Chini ya buti kuna mbavu mbili ngumu zinazokwenda mbele na nyuma, moja kila upande. Chuma cha kuvutia tela kishikwe hapo, pande zote mbili. Kisishikwe kwenye bampa, wala kwenye bati la kuwekea tairi la akiba, wala kwenye kile kipete cha nyuma cha kufungia kamba gari likikwama.

Fundi akikuambia atachomelea moja kwa moja kwenye bodi, mshukuru uondoke. Bati la magari haya ni jembamba. Moto wa kuchomelea unalidhoofisha na kuunguza rangi ya kuzuia kutu, kisha kutu inaanza kula kwa ndani usikokuona. Chuma chenyewe kichomelewe mezani, kando ya gari, halafu kifungwe kwa bolti ngumu, zile zilizoandikwa 8.8 kichwani, na ndani ya mbavu iwekwe sahani nene ya chuma ili bolti isichomoke na bati lake. Na ikilazimu kuchomelea chochote gari likiwa karibu, terminali za betri zivuliwe kwanza, la sivyo utaunguza kompyuta ya gari kwa kazi ya dakika tano.

Kichwa cha mviringo cha kuvutia na kikombe cha tela viwe vya kipimo kimoja. Kuna vya milimita 50 na kuna vya inchi, na kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kitakaa vizuri pale gereji, kisha kitaruka kwenye shimo la kwanza. Ongeza minyororo miwili, ipishane chini ya mkono wa tela, ili tela likichomoka mkono usichimbe ardhi. Taa ni lazima: za breki, za indiketa, na viakisi vyekundu. Barabara zetu usiku hazina taa, na mwenye bodaboda anayekufuata hana njia nyingine ya kujua kwamba gari lako limeongezeka urefu.

Kupakia nako kuna adabu yake. Uzito uegemee kidogo mbele ya ekseli. Kwa tela la kilo 500, mkono wake ukalie gari kwa kilo 25 hadi 35 hivi, sawa na dumu moja la maji na nusu. Ukipakia nyuma sana, mkono unataka kupaa, matairi ya nyuma ya gari yanakosa uzito, na ukifika mwendo wa kasi tela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Likianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu na usipambane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe sawa, gari lipungue lenyewe. Kisha simama pembeni, upange mzigo upya.

Nenda polepole kuliko unavyodhani inatosha. Mwendo wa 80 unahitaji nafasi ya breki mara nne ya mwendo wa 40, bila hata kuhesabu mzigo. Kwenye mteremko weka gia nzito kabla hujaanza kushuka. Kwa gari la otomatiki, weka 2 au L, injini isaidie kushika. Kurudi nyuma jifunzeni uwanjani tela likiwa tupu: shika usukani kwa chini, peleka mkono upande unaotaka mkia wa tela uende.

Tela pia linasajiliwa na kupewa namba yake, kwa hiyo ulizeni mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kulipia chuma. Na mwambieni wakala wa bima kwamba mnavuta tela, akubali kwa maandishi.

Sasa hili nawasihi kwa moyo wote. Msipandishe watu kwenye tela. Nafahamu ilivyo: vibarua wamechoka, jua kali, watoto wanakimbilia juu ya magunia wakicheka, na mama mmoja anasema nisogeze tu hadi pale njia panda. Mkatalie kwa upole, lakini mkatalie. Hapo nyuma hakuna mkanda, hakuna cha kushika, na wewe uliye kwenye usukani humwoni mtoto akianguka.

Na ukishatoka safari ya kwanza yenye mzigo, kabla hata hujanawa mikono, ingia chini ya gari ukaze tena nati zote za kile chuma, kisha gusa vikombe vya magurudumu ya tela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi yake inataka grisi leo, isingoje msimu uishe.