Mwalimu, chuo si hawara

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Serengeti, si mbali na Mugumu. Nina stashahada na watoto wawili. Mume wangu yuko mgodini Nyamongo, huja nyumbani siku za mapumziko. Nataka kusoma digrii Chuo Kikuu Huria, kwa mtandao, bila kuacha kazi. Wenzangu wanasema digrii ya kusomea kwenye simu haina thamani. Mume wangu sijamwambia. Aliwahi kusema mwanamke akipata digrii hatulii. Ada nitatoa kwenye mchezo wa kupeana, na nitasoma usiku akiwa kazini. Namba ya chuo nimeisevu "Mama Mboga Sokoni" asije akauliza. Je, digrii hii itaheshimika, au nisubiri watoto wakue niende chuo cha bweni?
Mwalimu, Serengeti

Mwanangu,

La wenzako nalimaliza upesi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na kiliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe: wenye kazi, wenye watoto, walio mbali na Dar es Salaam. Kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kingekuwa chuo cha nje kinachojitangaza mtandaoni, ningekwambia uiulize Tume kabla hujatoa hata shilingi. Kusubiri watoto wakue sikushauri. Wakikua, na ada zao zitakuwa zimekua.

Sasa tumzungumzie Mama Mboga.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwanamke mwenye mshahara wake, anayesimama mbele ya darasa kila siku, ameficha namba ya chuo kikuu vilevile watu wanavyoficha namba za mahawara! Siku mumeo atakapoona "Mama Mboga" anakukumbusha tarehe ya mwisho ya usajili, utamwambia nini? Haki ya kusoma unayo, lakini siku hiyo wewe ndiye utakayeonekana mkosaji. Badilisha jina hilo leo.

Tena siri hii haina maisha. Mitihani hufanyiwa kwenye vituo, na kituo cha mkoa wetu kipo Musoma. Utapanda basi alfajiri, ulale huko. Utamwambia mumeo umefiwa na nani? Muhula unaofuata utamzika nani? Na kama umeajiriwa na serikali, unahitaji ruhusa ya mwajiri kwa maandishi: barua ipite kwa mwalimu mkuu, ifike kwa mkurugenzi wa halmashauri. Usiikwepe, usije ukahangaika baadaye unapodai digrii yako itambuliwe kazini. Barua hiyo ikishafika ofisini, watajua watu wengi, na mumeo ataipata habari ya mkewe kijiweni. Hakuna mwanamume anayestahili fedheha hiyo.

Nisikilize vizuri. Sikutumi kwa mumeo ukaombe ruhusa. Ruhusa ni ya mwajiri. Mumeo anastahili kuambiwa ukweli, tena na wewe mwenyewe, mapema. Huku kwetu Mara ng'ombe wa mahari ni heshima kati ya koo mbili, na heshima hiyo naitunza. Lakini ng'ombe wale hawakununua kichwa chako. Mwanamke anayesoma kwa kujificha amekubali, bila kutamka, kwamba elimu yake ni mali ya wizi. Na watoto wanaona. Baba akibisha hodi, daftari la mama linaingia chini ya godoro: hilo nalo ni somo, na hawatalisahau.

Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa na stashahada ya Makerere na alikuwa ameshafundisha alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Watanzania wote tunajivunia safari ile. Kwa nini ya kwako iwe ya aibu?

Neno la mumeo, kwamba mwanamke wa digrii hatulii, ni neno la mtu anayeogopa kuachwa. Kila unapoficha, unamthibitishia. Basi mngoje apumzike, zamu imtoke mwilini. Mchana, watoto wakiwa shuleni, weka mezani karatasi za chuo, kiasi cha ada na tarehe za mitihani. Mwambie: "Baba fulani, naanza masomo. Ada ninayo. Wiki ya mitihani nahitaji ukae na watoto." Mpe kazi ndani ya jambo hili, asibaki mtazamaji wa mafanikio yako.

Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya siku mbili haivunji nyumba. Akikataa katakata, waiteni wazee wa pande zote mbili. Lakini kama siri hii umeitunga kwa sababu unaogopa kupigwa, basi shida yako ya kwanza si digrii. Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, wala usingoje kipigo.

Jaza fomu, mwanangu. Ukiona umekwama, niandikie tena, nitakujibu. Ila usiniandikie kwamba umeacha ili nyumba iwe na amani. Amani inayodai mama asijifunze haitamlea vizuri mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume.