SOMO LA MATEMBEZI: NINI YA KUANGALIA HAPA KWETU MUTOSHI?



Kila mara likizo inapokaribia, maneno ni yale yale katika uwanja: "Kwetu hapa hakuna kitu cha kuangalia, iko paka mashimo." Wenye kwenda Lubumbashi wanarudi wakisifu kanisa kuu la Petro na Paulo na sinagogi ya Wayahudi iliyojengwa karibu na mwaka 1930. Ni kweli, majengo yale ni mazuri. Lakini Mutoshi nayo ina urithi wa dini. Sehemu kubwa ya urithi huo haiko katika mawe, iko katika nyumba za wafanyakazi na katika vinywa vya wazee. Ndiyo sababu mtu anapita karibu nao kila siku bila kuuona, na ndiyo sababu unaweza kupotea upesi. Basi tujifunze ginsi ya kutembea na macho wazi.

1. MLIMA NA SHABA

Katika vitabu vya zamani utakuta jina la Ruwe. Mgodi wa Ruwe ndio unaoitwa leo Mutoshi. Wachunguzi wa kampuni ya Tanganyika Concessions, wakiongozwa na George Grey, walifika katika inchi hii karibu na mwaka 1900. Pale Ruwe walikuta hata zahabu. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Lakini Wazungu hawakuvumbua shaba ya Katanga. Wazee wetu walikuwa wanaichimba na kuiyeyusha tangu mamia ya miaka, na waliimwaga katika umbo la msalaba. Hapa tuangalie vizuri: msalaba ule wa shaba haukuletwa na misioni. Ulikuwa mali, ulitumika katika biashara na katika mahari, na watu walizikwa nao mbele mmisionari hajafika.

Mlima na mashimo muviangalie kutoka barabarani tu. Shimo halijui kama wewe ni mwanafunzi.

2. NYUMBA ZA WAFANYAKAZI WA RUWE

Mwaka 1953, hapa Ruwe, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alianza kazi katikati ya wafanyakazi wa mgodi. Alikuwa amejulikana tayari kwa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945. Katika mazungumzo yake na mabwana na wake zao kulizaliwa Jamaa. Neno hili la Kiswahili chetu limeandikwa leo katika vitabu vya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Profesa Johannes Fabian alikuja kuichunguza katika miaka ya 1960, na kitabu chake kilitoka mwaka 1971.

Watu wa Jamaa walifundisha juu ya mambo matatu ambayo kila mtu anayatamani: uzima, uzazi na mapendo. Bwana na bibi walifundishwa pamoja, na wao wenyewe waliwafundisha wengine. Fikiri kidogo: mtu aliyeshinda siku nzima katika mgodi chini ya amri ya mwingine, jioni anakuwa baba wa wengine katika imani. Hilo halikuwa jambo dogo wakati wa ukoloni.

Sisi Waprotestanti hatufuate mafundisho yale, na hata katika Kanisa Katolika kulikuwa ugomvi mkubwa juu ya Jamaa katika miaka ya 1970. Lakini kujua si kufuata. Jambo lililoanzia karibu na mlango wetu, si haya tulisome kwanza kwa wageni?

3. NJIA YA WAPROTESTANTI

Frederick Stanley Arnot alitoka upande wa Angola, akavuka Lualaba, akafika Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886. Baadaye Wametodisti, pamoja na John Springer, walianza kazi katika Katanga karibu na mwaka 1910. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilisaidia masomo ya misioni za Kikatoliki; zetu zilianza kupata msaada ule mwaka 1948 tu. Basi usitafute minara mirefu upande wetu. Tafuta mzee anayejua nani alianzisha sala katika kartie yake, na chini ya mti gani.

4. MAJI YA NZILO

Kwa wenye kupenda hewa safi, kuko ziwa la Nzilo, kaskazini ya Kolwezi. Ni Lualaba yenyewe, iliyofungwa kwa barazhi katika miaka ya 1950 ili kutoa umeme kwa ajili ya migodi. Mto alioutoboa Arnot ndio unaowasha taa zetu. Muende na mwalimu, na musiogelee.

5. GINSI YA KUTEMBELEA

Kwa mzee hatuingii kama watu wa polisi. Bisha hodi, salamu kwanza, sema wewe ni mtoto wa nani, ndipo uombe ruhusa ya kuandika. Usibishane naye juu ya dini yake. Akichoka, aga, utarudi siku ingine.

Na tufanye upesi. Mwaka 2014, pale Kasulo ku Kolwezi, kobalti ilipoonekana chini ya udongo, watu walianza kuchimba hata ndani ya lupango zao. Kama lupango inaweza kugeuka shimo, kanisa dogo nalo linaweza. Mlima uliochimbwa haurudi, na mzee aliyezikwa hahojiwi tena.

MASWALI YA KAZI

a) Mahali unaposali paliitwaje zamani, na nani alipapa jina?
b) Nani alifundisha watu wimbo wa kwanza pale?
c) Kati ya uzima, uzazi na mapendo, mzee wako anaweka nini mbele? Kwa nini?

Kila mmoja aandike ukurasa mmoja tu, aweke jina la mzee kama mwenyewe amekubali, na amupatie kiongozi wa kalasi yake. Tutazishona pamoja ziwe kitabu cha masomo yetu. Halafu mgeni akituuliza nini ya kuangalia Mutoshi, tutakuwa na jibu la kumpa.

Mungu awalinde njiani.